Bento ya Kijapani: namna inavyopangwa, na kwa nini Wajapani wanaipa uzito wote huu

Shangazi wa Pongwe (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, hamjambo. Kwenye nyuzi za mapishi nimeulizwa mara nyingi kuhusu bento, na kila nikijibu kwa mistari miwili naona nimeidhulumu mada. Leo nafungua uzi wake. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Saitama, jirani na Tokyo, nimeolewa huku, na mwanangu mdogo yuko chekechea. Bento ni kazi ya mikono yangu asubuhi za shule. Mengine nimeyasoma, mengine nimefundishwa na mama mkwe, mwanamke aliyewapangia watoto wake wote bento hadi wakamaliza sekondari.

Kwanza tuondoe dhana moja. Picha zinazosambaa mitandaoni ni za wali uliofinyangwa sura ya paka au dubu, macho ya mwani, mashavu ya nyanya. Hiyo ipo, na nitaifikia, lakini ni tawi changa la mti mkongwe. Bento ni mlo kamili wa mtu mmoja, umepangwa ndani ya kasha, unaliwa mbali na jiko lililoupika, saa nyingi baadaye, bila kupashwa moto. Shikeni hayo mawili: mbali, na baadaye. Kila kanuni mtakayoisoma hapa chini imetokana nayo. Aliyepika hatakuwepo kifuniko kikifunguliwa. Hawezi kuongeza chumvi, hawezi kumbembeleza mtoto amalize mboga, hawezi kuuliza kama imetosha. Anachotaka kumfanyia mlaji lazima akimalize kabla ya saa mbili asubuhi na kukifungia humo ndani.

Asili yake ni safari. Zamani wasafiri na askari walibeba hoshi-ii, wali uliopikwa kisha ukakaushwa, wakautafuna mkavu au wakauloweka kwanza. Mwishoni mwa karne ya 16 wenye nafasi zao walikuwa na makasha ya mbao yaliyopakwa laki (rangi ngumu ya kung'arisha mbao), ya kwenda nayo kutazama maua ya mcheri au kwenye vikao vya chai. Enzi ya Edo (1603–1868) bento iliwafikia watu wa mjini. Maonyesho ya kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, yalichukua karibu kutwa nzima, basi watazamaji wakila kati ya tendo moja na jingine: vidonge vidogo vya wali vyenye ufuta mweusi, yai, samaki wa kuchoma, mboga za kuchemsha. Bento ya namna ile inaitwa makunouchi, na hadi leo ukiingia duka lolote huku utaikuta kwa jina hilohilo.

Ulizeni. Nitajibu kadiri nipatavyo nafasi.

Mpwa wa Kyela

Shangazi, shikamoo. Naweka kambi kwenye uzi huu, ila nina ubishi wa kuanzia. Wali wa baridi kwetu ni kiporo. Kiporo ni kitu cha kupasha asubuhi na chai, hakuna mtu anayempikia mwenzake wali kwa nia ya kuupooza. Na mchele wetu ukipoa unakuwa mgumu mpaka kooni. Hao Wajapani wanakula vipi?

Shangazi wa Pongwe

Marahaba mwanangu. Umegusa penyewe.

Kiporo ni chakula kilichopikwa kiliwe cha moto, kikabaki. Bento inapikwa tangu mwanzo ikijulikana kwamba italiwa baridi, na hilo linabadilisha kila kitu, mchele ukiwa wa kwanza. Mchele wa Kijapani una punje fupi na nene, na una amilosi kidogo. Amilosi ni ile sehemu ya wanga inayofanya punje ziachane zikiwa moto na zikakamae zikipoa. Mchele wetu wa kunukia unayo zaidi, ndiyo maana pilau inachambuka vizuri, na ndiyo maana kesho yake inakwama kooni kama ulivyosema. Koshihikari, aina inayolimwa kuliko zote Japani tangu 1979, ikipoa inabaki laini na inashikana, unaweza kuiokota kwa vijiti bila kumwaga punje.

Upishi wake: osha mchele kwa maji unayoyabadilisha harakaharaka mpaka weupe wa maziwa upungue. Loweka nusu saa, wakati wa baridi hata saa nzima. Maji yazidi mchele kidogo tu: kikombe kimoja cha mchele kwa maji kikombe kimoja na karibu robo. Ukiiva, uache na mvuke wake dakika 10 bila kufunua, kisha ugeuze taratibu kwa mwiko bapa uliolowa. Hauna mafuta wala chumvi. Ladha inatoka kwenye vitoweo na kwenye umeboshi, tunda la ume (jamii ya plamu) lililotiwa chumvi nyingi likakaushwa juani, chachu ya kukunja uso, linalowekwa katikati ya wali.

Jambo moja ambalo watu wa nyumbani hawaambiwi: wali hukakamaa upesi zaidi kwenye ubaridi wa friji kuliko mezani. Ukipanga bento usiku ukaitia friji, asubuhi umeharibu. Wali unapikwa asubuhi, au ule wa jana unapashwa mpaka utoe mvuke kisha unapoozwa upya.

Ukiwa Mbeya au Morogoro na mchele wako wa kawaida, ongeza maji kidogo ulainike, na usilazimishe kufinyanga onigiri, yale matonge ya wali yanayofungiwa mwani. Mchele wa punje fupi unapatikana kwenye supamaketi kubwa za Dar na Nairobi, ila bei yake si ya kila siku.

Kipusa wa Kisauni

Dadangu, salama huko? Hapa Mombasa tuna mwani tele, na Unguja ndio zaidi. Unafaa kufungia hizo onigiri? Na tafadhali tueleze kupanga, maana mimi nikiweka chakula kwenye mkebe, mtoto akifika shule kila kitu kimehamia upande mmoja.

Shangazi wa Pongwe

Salama, mwanangu Kipusa. Mwani wa Unguja haufai kwa kazi hii. Ule wanaolima akina mama wa Paje na Jambiani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni wa jamii nyingine, unauzwa nje kutengeneza kirageni, kile kinachozidisha uzito kwenye vyakula na dawa za meno. Nori ni mwani mwembamba unaosagwa, unatandazwa na kukaushwa ukawa karatasi, kila karatasi sentimita 21 kwa 19.

Sasa kupanga. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo palipo na ufundi wenyewe.

Kasha kwanza. Huku ukubwa wake unapimwa kwa mililita, na wataalamu wa lishe wana hesabu rahisi: ukijaza vizuri bila kuzidisha mafuta, mililita zinakaribia idadi ya kalori. Kasha la mililita 600 ni mlo wa kalori 600 hivi. Mtoto wa chekechea anatosheka na mililita 300 au zaidi kidogo, mwanamume wa kazi ngumu 800 na kuendelea. Ndani, gawa kwa macho sehemu sita: tatu za wali, moja ya nyama au samaki au yai, mbili za mboga. Kanuni hiyo ya tatu-moja-mbili inafundishwa mashuleni.

Kisha rangi tano: nyekundu, njano, kijani, nyeupe na nyeusi. Mgeni anadhani ni pambo. Lakini jaribu kuzipata zote bila mboga, haiwezekani. Njano ni yai au malenge, kijani ni brokoli au mchicha, nyekundu ni karoti, nyanya au samoni, nyeusi ni ufuta, nori au uyoga. Mama mkwe hana elimu ya vitamini. Anatazama kasha, anasema "kijani imepungua", na anakuwa sahihi.

Upangaji ni kama kupakia jahazi: shehena kubwa kwanza, vidogo vizibe mianya. Wali unaingia wa kwanza, nusu ya kasha, ukingo wake ukiteremka kama mlalo ili vitoweo viegemee. Uache upoe. Kinafuata kitoweo kikubwa, kipande cha samaki au karaage, yaani vipande vya kuku wa kukaanga. Halafu yai. Halafu mboga za kuchemsha au kukaanga ndani ya vikombe vidogo vya karatasi, ili ladha zisichanganyike. Mwisho brokoli au nyanya ndogo inasukumizwa palipobaki wazi. Ukitikisa kasha na ukasikia kitu kinacheza, hujamaliza. Kipusa, chakula cha mwanao kinahama kwa sababu kuna nafasi ya kuhamia. Mkebe ni mkubwa kuliko chakula. Chukua mdogo, ujaze ushibe.

Na kusiwe na majimaji. Mchicha ukishachemshwa unakamuliwa kwa mkono mpaka hautoi tone, ndipo unatiwa ufuta uliosagwa, ambao unanyonya kilichobaki.

Yai ninalolipika kila siku linaitwa tamagoyaki. Mayai mawili, sukari kijiko kidogo, chumvi, matone ya sosi ya soya. Koroga bila kutoa povu. Kikaango kiwe cha mstatili ukikipata. Paka mafuta, mwaga utando mwembamba, ukianza kushika ukunje kuelekea kwako, usukume mbele, paka mafuta tena, mwaga mwingine, inua ule mkunjo ili yai bichi lipite chini yake, kunja tena. Linatoka gogo lenye tabaka, unalikata vipande. Watu wa Tokyo wanapenda lenye sukari, wa Osaka na Kyoto wanatia supu ya samaki mkavu. Kwa bento liive hadi katikati, lisibaki bichibichi.

Nesi wa Zamu

Naomba kuchangia upande wa usalama, maana nafanya kazi ya afya Mwanza na naona watu watajaribu hii bila tahadhari. Wali una kijidudu kinaitwa Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu kwa muda mrefu zinaamka na kuzaa sumu. Mikononi mwetu nako kuna Staphylococcus, hasa mtu akiwa na kidonda kidoleni, na sumu yake haiondoki hata ukipasha chakula upya. Nyuzijoto kati ya 20 na 50 ndizo za hatari. Kwa hiyo usifunike kikiwa moto. Mvuke unageuka maji chini ya kifuniko, na maji na uvuguvugu ndivyo vijidudu vinavyotaka.

Shangazi, Wajapani wanafanyaje na joto la kiangazi?

Shangazi wa Pongwe

Asante sana Nesi, umenisaidia. Watu wanadhani Japani ni baridi mwaka mzima. Kuanzia Juni mvua, kisha Julai na Agosti joto na unyevu ambao mtu wa Tanga anaujua vizuri. Kipindi hicho nidhamu inakaza. Wali unapepewa kwa upepeo mpaka mkono hauhisi joto. Onigiri inafinyangwa ndani ya karatasi ya plastiki, mkono haugusi. Nyanya inaondolewa kikonyo, maana pale ndipo uchafu unapojificha. Umeboshi, chumvi na siki vinasaidia, lakini umeboshi inalinda pale inapogusa tu, haitoshi kuiweka moja katikati ukalala usingizi. Saladi mbichi inaachwa. Juu ya kasha inafungwa barafu ya kifuko, na wengi wanaweka vitoweo vya kufrizi vilivyotengenezwa mahsusi kuyeyuka vyenyewe kufikia mchana.

Yale majani ya plastiki ya kijani yaliyokatwa meno mnayoyaona kwenye picha ni kumbukumbu ya majani ya kweli, ya mwanzi na mengineyo, yaliyotumika kutenganisha vyakula.

Mzee wa Reli

Nimewasoma vijana. Nilisafiri reli ya kati miaka mingi kikazi. Treni ikisimama Saranda, kila dirisha kuku. Hakuna aliyevuka Saranda bila kuku. Nimesikia Japani stesheni nazo zina chakula chao. Ni kweli?

Shangazi wa Pongwe

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli kabisa, na mfano wa Saranda ndio wenyewe. Huku zinaitwa ekiben, bento za stesheni, na kila mahali pana yake kutokana na kinachopatikana pale.

Inasimuliwa kwamba ya kwanza iliuzwa Utsunomiya tarehe 16 Julai 1885, siku reli ilipofunguliwa mjini humo: onigiri mbili zenye umeboshi, vipande vya figili ya kusindikwa, vimefungwa kwa ganda la mwanzi, kwa bei ya sen 5. Wapo wanaoitaja miji mingine, na ubishi haujaisha.

Ninayoipenda mimi ni ya Yokokawa, mkoa wa Gunma. Mbele ya stesheni ile kulikuwa na mlima wa Usui, mpando mkali mno kwa treni, hivyo kila treni ilisimama ifungiwe vichwa vya ziada vya kuisukuma. Wasafiri walikuwa na dakika kadhaa za kungoja. Mwaka 1958 wakaanza kuuziwa wali uliopikwa na kuku, uyoga na yai la kware ndani ya chungu kidogo cha udongo cha Mashiko, kinachotunza moto. Mwaka 1997 treni ya kasi ya Nagano ilipoanza, njia ile ya mlimani ilifungwa. Sababu ya kusimama ikaisha, lakini chungu kinauzwa mpaka leo na watu wanakifuata kwa magari. Na kule Mori, Hokkaido, tangu 1941 kuna ngisi aliyejazwa wali. Ilikuwa vita, mchele haba, ngisi wengi.

Ukipanda treni ya masafa marefu, kufungua bento ni sehemu ya safari. Kwenye treni za mjini za kwenda kazini hakuna anayekula.

Binti Rufiji

Nimesoma kwa makini, na nina swali ambalo naona mnalikwepa. Rangi tano, tabaka za yai, mchicha wa kukamuliwa, tena kabla ya saa mbili asubuhi. Nani anayefanya yote haya? Ni mama. Na akishindwa, nani anatazamwa? Mnatusifia mzigo wa mwanamke kwa jina la utamaduni.

Shangazi wa Pongwe

Binti, sikukwepa, nilikuwa nangoja niulizwe.

Ni kweli, mzigo ni wa mama, kwa sehemu kubwa. Shule za msingi za serikali huku zinapika, watoto wanakula chakula kimoja. Bento inatawala chekechea, sekondari ya juu, na siku za matembezi. Chekechea ndiko penye uzito, kwa kuwa mtoto wa miaka mitatu anatoka kwa mama mara ya kwanza, na bento ni kipande cha nyumbani anachopewa aingie nacho kwenye dunia ya watu wengi. Mwalimu anasimamia kila mtoto amalize chote. Kasha tupu linarudi nyumbani, na mama analitazama. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Anne Allison, ambaye mwanawe alisoma chekechea Tokyo, aliandika mwaka 1991 kwamba kasha lile linawafundisha wawili kwa mpigo: mtoto anafundishwa kufuata utaratibu, na mama anafundishwa kuwa mama wa namna inayotakiwa na jamii. Nilipousoma uchambuzi ule niliufunga nikakaa kimya, kwa maana ndivyo ninavyoishi.

Zile bento za sura za katuni, kyaraben, zilianza kwa nia njema ya kumvuta mtoto asiyependa mboga. Zikaja blogu na mashindano, na nia ikageuka. Mama aliyefanya kazi ya usiku anajipima na mama mwenye makasi ya kukatia nori na saa mbili za ziada. Zipo chekechea zilizoomba wazazi waziache, watoto wasianze kulinganishana. Na Nesi ataniunga mkono: chakula kilichoshikwashikwa sana ni chakula kilichochafuliwa sana. Mimi sizitengenezi. Soseji nazikata miguu ya pweza, tufaha nalikata masikio ya sungura na kulichovya maji ya chumvi lisigeuke rangi, basi.

Lakini siwezi kukubali kwamba ni mzigo tu. Mwanangu mwaka wake wa kwanza alikuwa haongei shuleni, lugha mbili zilimchanganya. Mchana alifungua kasha akakuta yai lilelile la nyumbani. Nisingeweza kuingia darasani kumshika mkono. Yai liliingia.

Baba Wawili

Binti Rufiji ana hoja, ila nami nishuhudie. Mimi ni Mkenya, niko Nagoya, kiwandani. Najipangia bento mwenyewe. Baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 wanaume wengi wa huku walianza kubeba bento zao kazini ili kubana matumizi, wakapewa hata jina lao, bento danshi. Jumapili jioni nakaanga kinpira, karoti na mizizi ya gobo kwa soya na ufuta, inatosha siku kadhaa kwenye friji. Asubuhi napasha, napooza, napanga. Hata dakika ishirini sifiki. Siku ninazokosa nguvu nanunua: maduka ya bento za moto yapo tangu 1976, lile la kwanza la Hokka Hokka Tei lilifunguliwa Soka, hukohuko Saitama kwa Shangazi.

Mpwa wa Kyela

Na wasio nacho je? Darasani mmoja ana nyama, mwenzake hana. Hapo utamaduni unakuwaje?

Shangazi wa Pongwe

Mpwa, swali hili linauma, na Wajapani wanalijua uchungu wake. Wazee wengi wanasimulia watoto waliokula wakiwa wameficha kasha kwa kifuniko, wenzao wasione kilichomo. Mwaka 1889, katika mji wa Tsuruoka, mkoa wa Yamagata, shule moja iliyoendeshwa na watawa wa Kibudha ilianza kuwapa watoto maskini onigiri, samaki wa chumvi na kachumbari ya kusindikwa, na ndipo wanapohesabu mwanzo wa chakula cha shule. Sheria ya chakula cha shule ilipitishwa 1954, na shule za msingi zikaondokana na tofauti ile.

Ipo pia bento ya hinomaru: wali mweupe mtupu na umeboshi moja nyekundu katikati, ikatokea bendera ya taifa. Kuanzia Septemba 1939, wakati wa vita na China, tarehe mosi ya kila mwezi watu walihimizwa kula hiyo peke yake kuonyesha wako pamoja na askari. Umaskini wa kasha ukageuzwa uzalendo. Asidi ya umeboshi ilikuwa inakula makasha ya alumini mpaka vifuniko vinatoboka, ikabidi chuma kile kitengenezewe ganda la kukinga.

Turudi kwa Binti, kwa sababu kuna jibu ambalo si langu, ni la mwalimu mkuu mmoja. Mwaka 2001, shule ya msingi ya Takinomiya mkoani Kagawa, mwalimu mkuu Takeshita Kazuo alianzisha siku ya bento. Watoto wa darasa la tano na la sita, mara moja kwa mwezi kuanzia Oktoba hadi Februari, walete bento waliyoitengeneza wenyewe. Wafikirie mlo, wanunue, wapike, wapange, waoshe vyombo. Wazazi wasisaidie, na walimu wasisaidie. Kabla ya hapo walifundishwa darasani mapishi ya lazima. Wazazi waliogopa visu na moto, na waliogopa aibu ya mtoto mwenye kasha baya. Mwalimu akasema lawama zitakuwa zake. Mpango ule umeenea shule nyingi nchini.

Ninachokiona pale ni hiki. Mtoto anayeamka saa kumi na moja kukunja yai anajua kwa mikono yake kile mama alichokuwa anakifanya siku zote. Na mtoto wa kiume anaamka vilevile. Bento inabaki kazi ya kumfikiria mlaji aliye mbali, ila haibaki ya mama peke yake. Hiyo ndiyo bento ninayoitaka nyumbani kwangu, na kaka yake huyu mdogo sasa anajipangia mwenyewe za sekondari.

Binti Rufiji

Hapo nimekuelewa, shangazi. Ningependa hiyo siku ya bento ifike hata shule zetu, darasa la sita wanapika ugali nyumbani kila siku lakini wavulana wanangoja kuitwa mezani.

Kipusa wa Kisauni

Naunga mkono. Swali la mwisho, dadangu, la vitendo. Nataka kumpangia binti yangu kwa chakula chetu cha pwani. Nimefikiria wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari, na sambusa. Na kasha ninunue la mbao?

Shangazi wa Pongwe

La mbao ni zuri mno. Yale ya mwerezi yaliyokunjwa, magewappa ya Odate, mkoa wa Akita, yananyonya unyevu wa wali na kuupa harufu, lakini ni ghali na hayataki kuloweshwa. Nunua la plastiki lenye kifuniko cha mpira, na kitambaa cha kulifungia ambacho mezani kitatandikwa chini.

Wali wa nazi uache, unachacha kabla ya mchana. Samaki wa kupaka hali kadhalika, nazi na majimaji. Mpe changu au nguru wa kukaanga aliyekolezwa ndimu na chumvi, bila mchuzi. Kachumbari itatoa maji ilowanishe kila kitu, badala yake mpe karoti iliyokatwa nyembamba, ikakaangwa kidogo na ufuta, au bamia za kuchemsha nzima ukikata vichwa baada ya kupoa. Katlesi zinafaa sana, mkate wa kumimina kipande kimoja cha kufungia mlo unafaa, mbaazi zinafaa zikikaushwa bila tui. Sambusa ziive, zipoe juu ya wavu wa waya pande zote, ndipo zipangwe kusimama zikiegemea wali. Ukizifungia zikiwa moto zitalainika na kulowanisha yai.

Mchele tumia wako wa kawaida, maji kidogo zaidi, na limao tone moja kwenye maji ya kupikia.